Bila Mashine Hadi Ketchikan

Mwezi wa Juni, katika mji mdogo wa Port Townsend, jimbo la Washington, kaskazini magharibi ya Marekani, hukusanyika vyombo ambavyo kwa kawaida havikai bandari moja: mashua za mashindano zenye matanga ya gharama kubwa, boti za makasia, mitumbwi ya mrengu ya Kihawaii, boti za mbao zilizoundwa uani kwa mtu, hata ubao ambao mtu husimama juu yake akapiga kafi. Vyote vinakwenda Ketchikan, Alaska, umbali wa maili 750 hivi, sawa na kilomita 1,200. Sharti kubwa ni moja: chombo kisiwe na mashine. Anayetaka kufika atafika kwa upepo, kwa mkono au kwa mguu. Tena asisaidiwe. Hakuna boti ya kumfuata, hakuna chakula kilichotangulizwa kikamngojea mbele ya safari. Akipungukiwa njiani, ruhusa aliyonayo ni kupata kile ambacho mshindani mwingine yeyote angeweza kukipata, kama kuingia bandarini akanunua mkate dukani kama watu wote.

Mashindano haya, Race to Alaska, yalianza mwaka 2015 chini ya Northwest Maritime Center, kituo cha mambo ya bahari cha hapo hapo Port Townsend. Wa kwanza hupewa dola 10,000 taslimu, noti zikiwa zimepigiliwa kwenye kipande cha ubao. Wa pili hupewa seti ya visu vya kulia nyama. Wa tatu hana chake.

Nimeyafuatilia kwa miaka, nikiwa mbali, kwa ile ramani inayoonyesha kila chombo kilipo kwa ishara ya setilaiti. Wengi huangalia nani katangulia. Mimi hukaa nikizitazama zile alama zilizosimama: chombo kimetia nanga ndani ya hori saa nne usiku, hakisogei, na wakati huo huo mwenzake yuko katikati ya mlango anahangaika, alama yake inarudi nyuma. Ikifika alfajiri, yule aliyelala amempita yule aliyekesha. Mtu wa mashine huondoka saa aliyoipanga yeye. Mtu wa tanga na kasia huondoka saa ambayo maji yameikubali, na kuijua saa hiyo ni kazi ya kusoma, kukumbuka na kuvumilia. Huo ndio ufundi ninaouheshimu katika safari hii, na pwani ile ni shule yake ngumu.

Tuanze na maji yenyewe. Kati ya Port Townsend na Alaska kimelala kisiwa cha Vancouver, chenye urefu wa kilomita 450 na zaidi, sambamba na bara la Kanada. Bahari ya Pasifiki inapojaa, maji huingia kwa pande zote mbili za kisiwa: mengine hupita kusini, mengine huzunguka kaskazini, na hukutana karibu na rasi ya Cape Mudge, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Quadra. Hebu fikiria maana yake kwa mtu anayekwenda kaskazini. Kabla ya Cape Mudge maji yakijaa humsukuma mbele. Akishaipita, maji yale yale ya kujaa humrudisha nyuma. Kwa hiyo huomba yajae mpaka afike rasini, na akifika huomba yapwe. Nahodha aliyepiga hesabu zake vizuri huwasili Cape Mudge maji yanapomaliza kujaa, kisha akapokewa na maji ya kupwa yanayokimbilia kaskazini. Aliyechelewa saa mbili hukuta njia imekwisha kugeuka, na hana la kufanya ila kutafuta mahali pa kujificha.

Kwetu, Tanga au Unguja, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa vipimo vinavyokaribiana, na mvuvi anajua kwa mwezi tu kama leo ni bamvua au maji mafu. Kule maji hujaa mara mbili kwa siku bila kulingana: mara moja yanaweza kujaa sana na mara ifuatayo kidogo, na mkondo wake vivyo hivyo. Haitoshi kujua kwamba maji yatapwa saa nane. Lazima ujue ni kupwa kwa namna gani, kwa nguvu kiasi gani, na katika mlango upi, maana kila mlango una saa zake za kugeuka. Washindani hubeba majedwali ya mikondo, na wenye busara huyanakili kwa penseli kwenye ukurasa mmoja unaoweza kusomwa na mtu aliyelowa, mwenye baridi na usingizi.

Mbele ya Cape Mudge uko mlango wa Seymour. Katika miaka ya mwanzo kila chombo kililazimika kupita hapo. Tangu mwaka 2022 anayetaka anaruhusiwa kuzunguka nje ya kisiwa, upande wa bahari kuu, lakini njia ya ndani ndiyo yenye masomo mengi. Hapo mkondo unaweza kufika kilomita 28 kwa saa. Boti ya makasia yenye watu hodari inakwenda kilomita sita au saba. Hakuna kupigana na maji ya namna hiyo; unapita yakiruhusu au hupiti. Na yanaporuhusu, huruhusu kwa dakika chache: mkondo hupungua, husimama, kisha hugeukia upande wa pili na kuanza kupata nguvu tena.

Zamani palikuwa pabaya zaidi. Katikati ya njia ulisimama mwamba ulioitwa Ripple Rock, wenye vilele viwili ambavyo maji yakipwa vilikuwa chini kidogo tu ya uso wa bahari. Uliharibu na kuzamisha vyombo zaidi ya mia, na zaidi ya watu mia walipoteza maisha. Mafundi walijaribu kuutoboa kwa kukaa juu yake na majahazi ya kazi yaliyofungwa nanga, mkondo ukawashinda. Mwishowe walichimba shimo la wima kwenye kisiwa jirani, wakapita kwa njia ya chini ya sakafu ya bahari, wakapanda ndani ya mwamba wenyewe wakaujaza tani 1,375 za baruti. Tarehe 5 Aprili 1958 ukalipuliwa, na televisheni ya Kanada ikaonyesha moja kwa moja. Mwamba umeondoka. Mkondo umebaki.

Mtazame basi mtu anayeusubiri mlango ule. Ameingiza boti kwenye kihori upande wa kusini, akaifunga. Jedwali linasema maji yatasimama saa kumi na dakika ishirini alfajiri, lakini yeye haliamini jedwali peke yake. Anaangalia mwani. Pwani ile huota mwani mrefu sana, wenye shina kama kamba na kibuyu cha hewa kinachoelea juu, na majani yanayoning'inia kutoka kwenye kibuyu hicho. Mkondo ukiwa mkali, vibuyu huvutwa chini vyote visionekane. Ukipungua, kimoja kimoja huibuka. Majani yakiwa yamenyooka kuelekea kusini, maji bado yanajaa. Yanapoanza kulegea na kutawanyika ovyo bila upande, wakati umefika. Mwenye macho hung'oa nanga wakati majani bado yamenyooka kidogo, kwa sababu anajua itamchukua nusu saa kufika mdomoni mwa mlango, na anataka kufika hapo mwani ukiwa umelegea. Akipita, maji yanayoanza kupwa yatamchukua nyuma yake, pole pole kwanza, kisha kwa kasi ambayo mikono yake isingeitoa hata kwa siku nzima.

Wapo wasioweza kusubiri saa sita zote, na hao wana elimu yao. Nyuma ya kila rasi inayochomoza kwenye mkondo, maji huzunguka na kurudi kinyume. Mpiga kasia anayejua kazi hutambaa ukingoni, karibu kiasi cha kugusa mawe, akipanda na mkondo wa kurudi mpaka kwenye ncha ya rasi. Hapo huvuta pumzi, hupiga makasia kwa nguvu zake zote kwa dakika mbili tatu kuivuka ncha, kisha huingia kwenye kivuli cha rasi inayofuata. Akichoka kabisa na pwani ikiwa ukuta wa jiwe usio na pa kutia nanga (na pwani ile mara nyingi huzama wima mpaka kina ambacho kamba ya nanga haifiki), hushika fungu la mwani akajifunga nalo. Mwani umeshika mwamba chini. Boti ndogo inaning'inia hapo kama imefungwa gatini, na mtu anakula.

Baada ya Seymour unakuja mlango wa Johnstone, kilomita 110 hivi, mwembamba, umebanwa na milima pande zote mbili. Huu ndio unaonifanya niwaheshimu watu hawa kuliko yote. Wakati wa kiangazi upepo wa pale hutoka kaskazini magharibi, yaani unampiga msafiri usoni, na milima huubana ukazidi nguvu. Maji ya kupwa ndiyo yanayompeleka mbele. Lakini maji yanayokwenda kaskazini magharibi yakikutana na upepo unaotoka huko huko, bahari husimama: mawimbi mafupi, wima, yaliyokaribiana, yanayopiga omo bila nafasi ya kupumua. Mkondo unapokusaidia ndipo bahari inapokuwa mbaya, na bahari inapotulia ndipo mkondo unapokurudisha. Kila timu lazima ichague, na jibu la jana halifai leo. Chombo kirefu chenye mkuku mzito na tanga lililopunguzwa kinaweza kubisha katikati ya vurugu, kikichukua upepo wa joshi upande huu na upande huu, huku mkondo unakisogeza. Boti ndogo ya mtu mmoja ikifanya hivyo itajaa maji. Huyo hulala mchana wote wakati upepo unavuma, na hutoka usiku, upepo ukianguka, hata kama mkondo si wake, akipita ukingoni kwenye mikondo ya kurudi. Wote wawili wako sahihi. Ufundi ni kukijua chombo chako kiasi cha kutoona haya kukaa wakati mwenzako anapita.

Uvumilivu wa namna hii pwani yetu inaujua kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1938 Mwaustralia Alan Villiers alipanda bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji kuchukua boriti, na kurudi. Hesabu ya safari ile haikuwa ya saa wala ya siku. Ilikuwa ya misimu. Kaskazi iliwaleta, wakafanya biashara, wakapakia, wakangoja kusi iwarudishe, na aliyechelewa kumaliza shughuli zake akakabiliwa na kusi iliyokomaa, ambayo si ya kuchezewa. Kazi ya nahodha ilikuwa kuujua upepo kabla haujafika. Wale wa Alaska wanaifanya kazi hiyo hiyo kwa vipande vya saa sita sita.

Upepo nao huondoka. Hilo ndilo jambo la pili linalohitaji kutazamwa kwa karibu, maana asubuhi nyingi za Juni katika njia ile ya ndani bahari hulala shwari na tanga huning'inia tu. Chombo cha mashindano bila mashine, katika shwari, juu ya mkondo, ni mzigo unaoelea. Kwa hiyo kila timu hujiundia njia yake ya kutumia misuli. Wengine hufunga makasia marefu kwenye mbavu za boti wakapiga wakiwa wamesimama. Waliopata umaarufu ni wale wa pedeli: kiti na pedeli za baiskeli vimefungwa kwenye tezi, cheni inazungusha gia, gia inazungusha mti mrefu wa chuma unaoshuka majini, na mwisho wake kuna propela.

Kuitengeneza propela hiyo ni hesabu ya unyenyekevu. Mtu mwenye mazoezi hutoa kiasi cha wati 100 hadi 150 akiendelea kwa saa nyingi. Mashine ndogo kabisa ya boti, ya nguvu farasi mbili, hutoa karibu wati 1,500, yaani watu kumi au zaidi wakipiga pedeli kwa pamoja bila kupumzika. Kwa nguvu kidogo hivyo, propela fupi ya mashine, iliyotengenezwa kuzunguka kwa kasi, hupoteza sehemu kubwa ya jasho katika kuchafua maji tu. Mafundi wa mashindano haya huchagua mapanga marefu, membamba, yanayozunguka taratibu, yakisukuma maji mengi kwa upole. Wapo wanaochukua propela za ndege ndogo za kuchezea, maana umbo lake linakaribia sana kinachotakiwa. Na mti wake lazima uweze kunyanyuliwa, kwa sababu upepo ukirudi propela iliyobaki majini huwa breki. Nikiona picha ya kifaa hicho, kimeunganishwa kwa bomba la alumini na boliti za dukani, nakaa nakiangalia kila kiungo: wapi cheni inageuka kutoka wima kwenda mlalo, wapi maji ya chumvi yataingia, nani atakifungua usiku kwa tochi ya kichwani kikinaswa na mwani. Aliyekiunda alijiuliza maswali hayo yote mapema, na majibu yake yanaonekana kwenye chuma.

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa pedeli. Upepo ulikuwa haba, na vyombo vyepesi vya viwiliwili viwili na vitatu, ambavyo vilikuwa vimeshinda miaka yote mitatu iliyotangulia, vilipoteza faida yao. Timu ya wanawake watupu, Sail Like a Girl, nahodha wao Jeanne Goussev, ilikuwa na boti ya kiwiliwili kimoja aina ya Melges 32, urefu wa mita 9.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano mafupi ya mchana. Kwenye tezi walifunga vituo vya pedeli. Walipiga zamu mchana na usiku, wawili wanapedeli, wengine wanaendesha au wamelala, na shwari ilipowakuta hawakusimama hata mara moja kuisikitikia. Walifika Ketchikan kwa siku 6, saa 13 na dakika 17, timu ya kwanza ya wanawake kushinda, na boti ya kwanza ya kiwiliwili kimoja kushinda. Watu wengi husimulia ushindi ule kama habari ya moyo mkuu. Moyo ulikuwepo, sina shaka. Mimi naona kwanza maandalizi: kujua kabla ya kuondoka kwamba shwari itakuja, na kuiundia chombo chake.

Kuchagua chombo ndiko kunakoanza safari, na hakuna jibu moja. Mwaka wa kwanza walishinda wanaume watatu katika mashua ya viwiliwili vitatu, kwa siku 5, saa 1 na dakika 55. Mwaka uliofuata Randy Smyth, aliyewahi kupata medali mbili za fedha za Olimpiki katika tanga, pamoja na wenzake wawili, walikwenda na Marström 32, mashua ya viwiliwili viwili isiyo na hata pa kujificha na mvua. Siku 3, saa 20, dakika 13. Ukiigawa njia, ni wastani wa kilomita 12 au 13 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka; lakini ni mwendo uliokwenda mfululizo, usiku na mchana, katika maji ya kujaa na ya kupwa, kwa watu watatu tu. Chombo kama hicho hakisamehe. Misitu ya pande zile hukatwa sana, na magogo huanguka baharini. Mengine huelea mlalo, yanaonekana. Mengine yameloa upande mmoja yakasimama wima, kichwa kikiwa sawasawa na uso wa maji, yanapanda na kushuka na wimbi. Ukiligonga kwa kasi usiku, safari imekwisha. Kwa hiyo kasi yenyewe ni uamuzi unaofanywa upya kila saa.

Upande mwingine kabisa yuko Colin Angus wa Kanada, aliyejisanifia boti yake mwenyewe na kwenda nayo peke yake mwaka 2016: ndogo, nyembamba, ina kiti kinachoteleza kwa ajili ya makasia, matanga madogo, na chumba cha kulala kinachomtosha mtu mmoja aliyenyooka. Ukiingia humo ukafunga mlango, hulowi. Naipenda akili ya boti ile. Aliyeichora alijua kwamba adui mkubwa wa mtu peke yake ni uchovu, na uchovu huanza kwenye nguo zilizolowa. Bahari ile ina nyuzi joto 10 hivi hata mwanzo wa kiangazi. Aliyeangukia humo bila suti isiyoingiza maji, mikono yake huacha kumsikiliza katika muda mfupi sana. Kukauka ni sehemu ya mwendo.

Na Karl Kruger, ambaye mwaka 2017 alikwenda njia yote akiwa amesimama juu ya ubao, na kafi moja mkononi. Mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa kumaliza, akarudi. Ilimchukua siku 14 na saa kadhaa. Katika kupiga kafi ukiwa umesimama hakuna pa kuegemea: kila wimbi la kutoka ubavuni huchukua sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kusonga mbele, nyayo hufanya kazi kama mikono, na upepo wa omo huupiga mwili mzima kama tanga lisilotakiwa. Anayetazama kwa haraka husema ana misuli. Ukiifuata njia aliyopita kwenye ramani utaona kitu kingine: jinsi alivyokaa karibu na ukingo, jinsi alivyosimama alipopaswa kusimama. Mtu mwenye kilomita sita kwa saa hana ruhusa ya kukosea mkondo hata mmoja.

Kabla ya hayo yote kuna mchujo. Hatua ya kwanza, maili 40 kutoka Port Townsend mpaka Victoria, Kanada, inavuka mlango wa Juan de Fuca, ambao umefunguka moja kwa moja kwenye Pasifiki, na muda uliowekwa ni saa 36. Mwaka 2022 upepo mkali ulikutana na mkondo hapo, vyombo kadhaa vikapinduka na watu wakaokolewa majini. Wengine walitazama hali ya hewa wakarudi Port Townsend, au hawakuondoka kabisa saa hiyo, wakavuka ilipotulia. Kutoka Victoria, ishara ikitolewa, washindani hukimbia kwa miguu hadi kwenye vyombo vyao, na kwa kuwa ndani ya bandari ile hairuhusiwi kutweka tanga, wote hutoka kwa makasia na pedeli: mashua ya mamilioni na boti ya uani, bega kwa bega.

Kaskazini ya mlango wa Johnstone njia hufunguka. Kuna Cape Caution, ambako mawimbi ya bahari kuu huingia bila kizuizi. Kuna Bella Bella, mji wa watu wa Heiltsuk, ambako kila chombo lazima kipite. Kuna mlango wa Hecate, mpana lakini wenye kina kifupi, unaochafuka haraka upepo ukibadilika. Na mwisho kuna mvuko wa Dixon Entrance unaoingia Alaska. Gatini Ketchikan kuna kengele, anayefika huipiga.

Wengi hawaipigi. Kila mara sehemu kubwa ya walioondoka huishia njiani: usukani umevunjika, mlingoti umekwenda, au nahodha ametazama mbingu na watu wake akaona basi. Nyuma ya wote huja chombo cha kufunga njia, na anayekutwa nacho ametoka. Nimesoma taarifa nyingi za waliojitoa, na zilizo bora zimeandikwa kwa utulivu: tulikuwa hapa, upepo ulikuwa hivi, mtu wetu mmoja alikuwa na baridi kiasi hiki, tukageuka. Mtu anayeweza kuandika hivyo nitapanda chombo chake.

Mara nyingi nimeipigia hesabu ngalawa katika njia ile, kwa kuwa sheria inaruhusu chombo chochote. Mirengu yake miwili ingeipa utulivu ambao mtumbwi wa Kihawaii, wenye mrengu mmoja, unaupata kwa ustadi wa wapiga makafi tu. Vijana sita wa Victoria walifika Alaska na mtumbwi wa namna hiyo mwaka 2015, kwa hiyo wepesi na wembamba si kasoro. Shida ya kwanza ni tanga. Tanga letu la foromali ni zuri mno likipata upepo wa ubavuni, lakini kubadilisha upande kwake ni kazi: mara nyingi chombo hupinduliwa kwa kuupa upepo tezi, foromali ikasimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, na katika muda huo unapoteza sehemu ya ulichokipata kwa joshi. Katika mlango mwembamba wa Johnstone, upepo ukiwa usoni, utabisha mara kwa mara siku nzima. Shida ya pili ni kwamba ngalawa iko wazi, na maji ya nyuzi joto 10 yataingia humo kila wimbi. Ningeanza kwa kufunika omo mpaka kwenye mlingoti kwa ubao mwepesi na turubai, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kulala chini yake. Kisha ningeongeza makasia mawili marefu yenye vishikio kwenye miti ya mirengu, mtu apige akiwa ameketi katikati. Tanga ningelipunguza kimo, foromali fupi zaidi, ili watu wawili waweze kuipindua gizani bila kuamsha wa tatu. Na nahodha awe mtu aliyekulia kwenye mkondo, wa Pemba au wa Lamu, ambaye akiambiwa asubiri saa sita hatauliza kwa nini.